Matangazo yanayojiondoa yenyewe: kupanga muda wa kuisha kwenye tovuti ya WordPress

Tovuti nyingi ndogo za huku Nyanda za Juu Kusini, za AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), za parokia, za shule, za wafanyabiashara wa mazao, zina ugonjwa mmoja: tangazo likishapanda halishuki. Unafungua mwezi wa tatu unakuta bei ya viazi ya Novemba iko juu kabisa, chini yake nafasi ya kazi ambayo maombi yalishafungwa, na chini zaidi mwaliko wa Nane Nane ya mwaka juzi. Aliyeyaweka si lazima awe mzembe. Kuweka tangazo kuna mtu anakusumbua uliweke; kulitoa hakuna anayekupigia simu.

Hasara anaibeba msomaji. Siku hizi watu hawapitii ukurasa wa mbele. Wanaletewa kiungo kwenye kundi la WhatsApp, wanakigusa, wanasoma bei, wanafunga. Tarehe iliyoandikwa kwa herufi ndogo hawaioni. Mtu wa Makete anaweza kukodi Fuso kuleta viazi Mbeya kwa kuamini bei iliyokufa wiki mbili nyuma, na hapo lawama haimwendei dalali, inakuja kwenu.

WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, yenyewe ina sehemu ya kupanga tangazo litoke lini, lakini haina ya kupanga liondoke lini. Kazi hiyo inafanywa na plagini, yaani programu ndogo ya kuiongezea WordPress uwezo. Mwongozo huu unatumia PublishPress Future, ambayo zamani iliitwa Post Expirator, na toleo la bure linatosha kwa yote yaliyomo humu. Majina ya vitufe nimeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini. Ikiwa toleo lako ni tofauti, huenda kichupo fulani kimehama mahali, lakini mantiki ni ileile.

Anza na karatasi

Watu wengi wanakimbilia kusakinisha, wanaweka "siku 30 kwa kila kitu", wanaondoka. Siku 30 ni nyingi mno kwa bei ya nyanya na chache mno kwa tangazo la udahili wa shule. Kwa hiyo kabla ya kugusa kompyuta, kaa na mwenzako anayeandika matangazo, mworodheshe aina zote mnazoweka, na mbele ya kila aina muandike siku yake ya kufa.

Bei za mazao ndizo zinazokufa mapema. Viazi mviringo vinavyouzwa Uyole au Mwanjelwa, hasa wakati wa mavuno, bei ya Jumatatu si ya Alhamisi. Mvua ikiharibu barabara za kushuka kutoka Umalila, inabadilika tena. Siku tatu au nne ndio mwisho. Mchele wa Kyela na Mbarali unatulia zaidi, wiki moja inavumilika. Parachichi za Rungwe na Njombe zinakwenda kwa msimu na kwa mnunuzi aliyepo, kwa hiyo tangazo la mnunuzi liishe siku anayofunga kununua, si siku uliyoikisia wewe. (Na kama mnataja bei ya gunia bila kusema ni la kilo 100 au ni lumbesa, hakuna mpangilio wa plagini utakaowaokoa.)

Nafasi za kazi na zabuni zina tarehe yake ndani ya tangazo, na hiyo ndiyo ya kufuata. Mnada wa mifugo, mkutano wa kijiji, siku ya chanjo ya ng'ombe: hayo yafe siku moja baada ya tukio. Maonyesho ya Nane Nane kwenye viwanja vya John Mwakangale kilele chake ni 8 Agosti, hivyo 9 Agosti tangazo halina kazi tena. Taarifa ya umeme au maji kukatika huhesabiwa kwa saa, wala si kwa siku.

Halafu kuna yasiyopaswa kufa. Maelekezo ya nafasi ya kupandia au kipimo cha mbolea hayana tarehe ya kuisha, na mahali pake ni kwenye Pages (kurasa za kudumu), si kati ya matangazo. Na tanzia, kwa maoni yangu, isifutwe kabisa. Ndugu huirudia hata baada ya arobaini, wengine wako mbali na hawakuwahi kuiona. Iondoeni kwenye ukurasa wa mbele, lakini kiungo chake kibaki hai.

Ukimaliza orodha hiyo utaona aina moja inayojitokeza kuliko zote. Kwa tovuti ya mazao ni bei. Kwa parokia ni ratiba na matukio. Muda wa aina hiyo ndio utakaokuwa mpangilio wa msingi. Nyingine zote zitawekewa muda wake maalumu.

Rekebisha saa ya tovuti

Hatua hii inarukwa na karibu kila mtu, halafu plagini inalaumiwa. Kwenye dashibodi, yaani sehemu ya kusimamia tovuti, ingia Settings, kisha General, tafuta Timezone. Tovuti nyingi mpya zinakuwa kwenye UTC+0, yaani saa ya kimataifa, wakati sisi tuko UTC+3, saa tatu mbele. Ukiliambia tangazo liondoke 18:00 na saa ya tovuti iko UTC+0, litaondoka saa tatu usiku badala ya saa kumi na mbili jioni. Kwenye orodha ya miji chagua Dar es Salaam, iko chini ya Africa, kisha hifadhi. Hapohapo badili mtindo wa tarehe uanze na siku, ndipo mwezi, maana 8/9 ya Kimarekani ni Agosti na yetu ni Septemba.

Mtego wa pili uko kichwani mwetu. Skrini inahesabu saa kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia machweo na macheo. Mwandishi anayetaka tangazo la mkutano liondoke saa nane mchana akaandika 08:00, litaondoka saa mbili asubuhi, wajumbe wakiwa bado nyumbani. Saa nane mchana ni 14:00. Bandikeni ukutani karatasi ndogo: 06:00 ni saa kumi na mbili asubuhi, 12:00 ni saa sita mchana, 18:00 ni saa kumi na mbili jioni, 00:00 ni saa sita usiku.

Hiyo 00:00 iangalieni kwa makini zaidi. Tarehe 30 saa 00:00 ni usiku wa kuamkia tarehe 30, si usiku wa tarehe 30 kuisha. Tangazo la kazi ambalo mwisho wake ni tarehe 30 ukilipa 00:00, litakuwa limeondoka kabla jogoo hajawika siku ya mwisho yenyewe, siku ambayo waombaji wengi ndiyo wanakimbizana. Andika 23:59.

Sakinisha plagini

Hapa ni haraka. Plugins, kisha Add New, andika PublishPress Future kwenye kisanduku cha kutafuta, bonyeza Install Now, halafu Activate. Upande wa kushoto wa dashibodi itaongezeka menyu ya Future. Kama tovuti inabeba kazi za watu, chukua nakala rudufu kwanza.

Weka mipangilio ya msingi

Ingia Future, kisha sehemu ya mipangilio, kichupo cha Post Types. Utaona kila aina ya maudhui ina sehemu yake: Posts, Pages, na nyingine ikiwa tovuti inazo. Tunaanza na Posts. Kwenye Pages zima kabisa, usije ukashangaa siku moja ukurasa wa "Wasiliana nasi" umetoweka.

Cha kwanza ni Auto-enable. Ukiiwasha, kila tangazo jipya litazaliwa na tarehe ya kuisha bila mwandishi kukumbuka lolote. Iwashe. Ukiiacha imezimwa umerudi palepale pa kutegemea kumbukumbu ya mtu, na kumbukumbu ndiyo iliyowafikisha mwezi wa tatu mkiwa na bei za Novemba.

Cha pili ni muda wenyewe, kwenye kisanduku cha Default Date/Time Offset. Hapa plagini inaelewa Kiingereza peke yake, kwa mtindo huu:

+4 days
+1 week
+1 week 2 days
+12 hours
next Friday

Ya kwanza ni baada ya siku nne, ya nne ni baada ya kupita saa 12, ya mwisho ni Ijumaa ijayo. Hiyo ya mwisho ni tamu kwa wenye mnada wa kila wiki, ila ina ujanja wake. Jina la siku linahesabiwa kuanzia siku hiyo inapoanza, yaani saa sita usiku. Mnada wenu ukiwa Alhamisi na ukaandika next Thursday, tangazo litaondoka usiku wa kuamkia mnada, wafugaji wa Usangu hawajaanza hata kutoa ng'ombe zizini. Andika siku inayofuata: next Friday.

Pia mkiwa na mazoea ya kuandika rasimu Jumatatu na kuichapisha Ijumaa, tazameni tarehe ya kuisha kabla ya kubonyeza Publish. Siku nne zisije zikawa zimeliwa na rasimu.

Chagua kitakachotokea muda ukifika

Hili ndilo la kulifikiria kuliko yote, nalo liko kwenye Default Action. Machaguo ni kadhaa na hayafanani uzito.

Delete inafuta moja kwa moja, hakuna kurudi. Usiifanye kuwa ya msingi hata kama mtaalamu aliyewatengenezea tovuti anasema inapunguza mzigo kwenye seva, ile kompyuta inayohifadhi tovuti. Matangazo ya maandishi hayana mzigo wa kutisha, na siku moja mtu wa ushirika atahitaji kujua bei ya mahindi ilikuwaje Februari. Mkifuta, kumbukumbu ya soko lenu imekwenda.

Trash inapeleka tangazo kwenye taka, na WordPress husafisha taka hiyo yenyewe baada ya siku 30. Ni Delete yenye subira tu.

Draft inalirudisha tangazo kuwa rasimu. Wasomaji hawalioni, ninyi mnaliona, na mnaweza kulichapisha tena kwa kubadili bei na tarehe. Kwa bei za mazao hii ndiyo naipendekeza. Private inafanana nayo, ila tangazo linabaki limechapishwa na wanaliona wasimamizi na wahariri walioingia kwa akaunti zao.

Draft na Private zina kasoro moja: kiungo kinakufa. Aliyekitunza kwenye WhatsApp akikigusa anakutana na ukurasa wa "haukupatikana". Kwa bei iliyopita ni heri iwe hivyo. Kwa tanzia, kwa matokeo ya mkutano, kwa taarifa ambayo watu watairejea, si heri.

Hayo ndiyo ya kubadilishiwa kundi, yaani Category ya WordPress. Tengeneza kundi la "Matangazo hai" na jingine la "Yaliyopita", kisha chagua kitendo cha kubadili makundi ili muda ukifika tangazo litoke la kwanza liingie la pili. Kiungo kinaendelea kufunguka. Lakini usidhani limetoka kwenye ukurasa wa mbele! Kwa kawaida ukurasa wa mbele wa WordPress unaorodhesha matangazo yote kwa tarehe, haujali kundi. Lazima utengeneze ukurasa mpya, uweke bloku ya Query Loop (inayoorodhesha matangazo), uichuje ionyeshe kundi la "Matangazo hai" tu, halafu Settings, Reading, uufanye ukurasa huo kuwa wa mbele. Kazi ya nusu saa, na bila hiyo kubadili kundi ni bure.

Kama kuna matangazo mnayoyabandika juu kabisa, plagini ina Unstick pia: muda ukifika linabanduliwa na kushuka kwenye foleni, lenyewe halifutiki. Inafaa kwa Nane Nane.

Aina nyingi, mpangilio mmoja

Mpangilio wa msingi unashika kwa aina ya maudhui, si kwa kundi. Kwa hiyo Posts zote, iwe bei iwe kazi, zitazaliwa na siku zilezile nne. Njia rahisi ni kubadili kwa mkono: ukifungua tangazo kuliandika, pembeni kuna kisanduku cha Future Actions, badili tarehe na kitendo hapo. Kwa tovuti inayoweka matangazo machache kwa wiki, hiyo inatosha, usijichoshe zaidi.

Mkiwa mnaandika mengi na waandishi ni zaidi ya mmoja, kuna njia ya pili. Sakinisha plagini ya Custom Post Type UI, tengeneza aina mpya za maudhui, mathalani Bei na Ajira, kisha rudi kwenye Future uipe kila aina muda wake na kitendo chake. Bei siku nne kwenda rasimu; Ajira wiki mbili kama kinga tu, mwandishi akilazimika kuweka tarehe halisi. Hapo hata kijana wa mafunzo kwa vitendo aliyeanza kazi jana hawezi kukosea sana.

Hakikisha saa inagonga kweli

Hapa ndipo tovuti ndogo zinapoangushwa. WordPress haina saa inayotembea peke yake. Ratiba zake zinafanyiwa kazi mtu anapofungua ukurasa wowote wa tovuti, kama mlinzi anayeamka tu mgeni akigonga geti. Tovuti ya Dar yenye wasomaji usiku kucha haitagundua tofauti. Tovuti ya kijiji ambayo kuanzia saa nne usiku haina mtu, tangazo la kuondoka saa sita usiku litamsubiri msomaji wa kwanza wa asubuhi, naye huyo ndiye anayeweza kuliona likiwa bado lipo.

Dawa ni kuiambia seva iamke yenyewe. Ukiwa na cPanel, yaani paneli ya kusimamia seva, ingia Cron Jobs (kazi za ratiba), weka kila dakika 15, na kwenye amri andika:

wget -q -O /dev/null "https://jina-la-tovuti-yako/wp-cron.php?doing_wp_cron"

Kisha kwenye faili la mipangilio ya tovuti, wp-config.php, juu ya mstari unaokuambia usihariri zaidi ya hapo, ongeza:

define( 'DISABLE_WP_CRON', true );

Mstari huu unazima ule utaratibu wa kusubiri mgeni. Usiuweke kabla ya kuhakikisha amri ya cPanel inafanya kazi, la sivyo hakuna kitakachoondoka wala kutoka kwa ratiba. Na kama wp-config.php unaisikia leo kwa mara ya kwanza, mwachie fundi. Nukta mkato moja ikikosekana inaangusha tovuti nzima.

Baada ya hapo jaribu. Andika tangazo la uongo, lipe dakika ishirini, ondoka. Rudi ukitumia simu nyingine, si ile uliyoingilia kwenye dashibodi. Likiwa bado lipo, angalia kwanza menyu ya Future yenye orodha ya vitendo vilivyopangwa: kama kitendo kimeandikwa kimekamilika, basi tangazo limeshaondoka na unachokiona ni nakala iliyohifadhiwa na plagini ya kasha (cache), ile inayotunza nakala za kurasa ili zifunguke haraka. Safisha kasha, kisha ipunguzie muda wa kuhifadhi ukurasa wa mbele. Kama kitendo bado kinasubiri, rudi kwenye cPanel.

Mwambie msomaji

Kwenye kichupo cha Display kuna sehemu ya kuonyesha tarehe ya kuisha chini ya kila tangazo. Iwashe. Maneno yaliyomo ni ya Kiingereza, yabadilishe yawe kama "Bei hii mwisho wake ni", lakini zile alama za herufi kubwa usiziguse, ndizo zinazojazwa tarehe. Faida yake inaonekana mtu anapopiga picha ya skrini na kuirusha kwenye makundi: picha haiwezi kujifuta, ila itabeba tarehe yake ya kufa popote iendako. Na barua pepe za taarifa ziwashie mtu mmoja tu. Zikienda kwa kamati nzima, baada ya wiki hakuna atakayezifungua.

Yaliyokwisha kuwekwa

Auto-enable inashika matangazo mapya. Yale ya zamani yatabaki kama yalivyo mpaka uyaguse. Fungua orodha ya Posts, chuja kwa mwezi, weka tiki kwenye yanayofanana, chagua Edit kwenye vitendo vya pamoja, bonyeza Apply, kisha uyawekee tarehe na kitendo yote kwa mkupuo. Anza na mwezi wa zamani kuliko yote, na kabla ya kubonyeza Update pitia majina moja moja, kwa sababu katikati ya bei za mwaka juzi huwa kuna tanzia au picha za mahafali ambazo mtu atazitafuta.